Boma la Thimlich Liwe la Mwisho

Mtajie Mkenya mji wa kale uliozungushiwa kuta, na fikira zake zitakwenda pwani moja kwa moja: Lamu, Gede, Fort Jesus. Hana kosa. Ila nchi hii ina kuta nyingine za mawe, mbali kabisa na chumvi ya bahari, kwenye vilima vya Nyatike katika mwambao wa kusini wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Thimlich Ohinga, lililo Kaunti ya Migori, limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2018, na inakadiriwa kuwa lilijengwa katika karne ya 16. Niseme mapema, asije mtu akanilaumu baadaye: huu si mji wenye mitaa na baraza. Ni maboma manne makubwa ya mawe, ambamo watu waliishi na ng'ombe wao vizazi kwa vizazi, familia zikihama na nyingine zikihamia, kila wanaoingia wakizikarabati kuta walizozikuta.

Wageni wengi wa ziwa hawalijui. Hufika Kisumu, wakala samaki, wakapiga picha jua likizama pale Hippo Point, wakarudi walikotoka. Wachache wanaolijua huliweka mwanzoni mwa ratiba kwa sababu ndilo lenye jina kubwa, au hujaribu kwenda na kurudi kwa siku moja kutoka Kisumu. Mimi nashauri lingojee. Zunguka ziwa kwanza, kisha umalizie safari pale.

Sababu yangu kubwa ni kwamba kuta hizi hazijielezi. Ukiingia Gede unaona msikiti, kasri, visima na makaburi. Hata asiyejua historia anatambua kuwa hapa watu walisali na pale waliteka maji. Thimlich hakuna nyumba iliyosimama. Nyumba zilikuwa za miti, udongo na nyasi, na mchwa na mvua walishazimaliza. Kilichobaki ndani ya ukuta ni duara zilizobonyea kidogo ardhini, mawe ya kusagia, mistari ya mawe iliyogawa zizi la ng'ombe na la ndama. Asiyewahi kuona dala ya Kijaluo, yaani boma la familia, iliyokamilika atazunguka nusu saa, atasema mawe ni mengi kweli, halafu ataulizia soda. Aliyeona dala kwanza ataanza kuzijaza zile duara kwa macho yake mwenyewe: hapa mama mkubwa, pale wavulana, hapa katikati ng'ombe.

Kwa hiyo anzia Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980. Watoto watakuvuta kwenye nyoka na mamba. Wape muda wao, kisha nenda kwenye boma la Kijaluo lililojengwa uwanjani, liitwalo Ber-gi-dala. Usipite tu ukipiga picha za mapaa ya nyasi. Simama langoni, uangalie nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, iko wapi. Inatazamana na lango. Angalia nyumba za wake wengine zilivyopangwa pembeni kwa daraja, na simba, vibanda vya vijana wa kiume, vilivyo karibu na lango. Muulize mhudumu kwa nini vijana wanalala langoni na wala si ndani zaidi. Jibu lake utalihitaji siku chache baadaye, mbele ya ukuta wenye unene wa mita mbili.

Kit Mikayi, ile miamba iliyopandana kando ya barabara ya Bondo, inatosha asubuhi moja. Vaa viatu vyenye kushika, na ukikuta watu wanasali pangoni subiri wamalize. Kwao pale ni mahali pa ibada, wewe ndiye mgeni. Mwamba wenyewe utakuzoesha jambo moja: katika nchi hii jiwe si kitu cha kupuuzwa, lina hadithi, lina mke, lina wivu.

Kutoka hapo una njia mbili za kwenda kusini. Ya kwanza ni barabara ya Ahero, Katito na Kendu Bay hadi Homa Bay. Ya pili ni kuendelea upande wa Bondo mpaka Luanda Kotieno, upande feri na kuvuka hadi Mbita. Kama huna haraka chukua feri. Inabeba magari, abiria, magunia ya omena na kuku, na kutoka juu ya maji utaona vizuri jinsi milima ya Gwasi inavyouzingira upande wa kusini. Ratiba hubadilika, kwa hiyo ulizia jioni ya kuamkia safari, tena uwaulize watu wa Luanda Kotieno wenyewe, si wa hotelini Kisumu. Na ukiwa na gari, fika mapema upange foleni.

Mbita ukishavuka daraja uko Rusinga. Kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, liko Kasawanga, na jumba lililojengwa juu yake lina umbo la risasi. Wapenda mambo ya kale zaidi wajue kuwa ni katika kisiwa hiki Mary Leakey alipopata fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka 1948. Siku moja inatosha, labda na usiku mmoja kama unapenda kulala ukisikia maji.

Anayechagua barabara ya Kendu Bay naye hapungukiwi. Ziwa Simbi liko karibu na mji, ziwa dogo la magadi ambamo, kwa hadithi ya wenyeji, kijiji kizima kilizama kwa sababu kilimfukuza bibi kizee aliyeomba hifadhi usiku wa mvua. Nenda ukasimuliwe na mwenyeji, maana kila msimuliaji ana bibi kizee wake. Msafiri anayetoka pwani atafurahi pia kukuta mjini Kendu msikiti mkongwe wa Tawakal, na Waislamu ambao mababu zao walilifuata ziwa kwa biashara.

Kuhusu chakula nitasema jambo moja tu. Ukiagiza ngege, yaani tilapia, uliza ametoka wapi. Siku hizi kuna ngege wa ziwani, kuna wa vizimba wanaofugwa humo humo ziwani, na kuna waliogandishwa waliotoka Uchina. Mwenye hoteli mwaminifu atakwambia, na bei itakwambia pia. Omena haina tatizo hilo.

Yapo mambo ya kalenda ambayo mgeni huyasahau. Kendu Bay na sehemu kubwa ya Nyanza Kusini zina Wasabato wengi. Misheni yao ya Gendia ilianza 1906, na Jumamosi kwenye vituo vidogo utakuta maduka yamefungwa na matatu zimepungua. Halafu kuna matanga. Wikendi magari hukodishwa kubeba waombolezaji na malazi ya miji midogo hujaa jamaa waliotoka Nairobi na Mombasa. Panga siku ya Thimlich iwe kati ya Jumatatu na Alhamisi, utashukuru.

Mvua nayo ina neno. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mweusi wa Ndhiwa na Nyatike hushika matairi na kukataa kuyaachia. Barabara kuu si shida. Shida ni vipande vya mwisho. Mwenye gari dogo aende Januari, Februari au kati ya Julai na Septemba. Anayelazimika kwenda wakati wa mvua aende na bodaboda anayeijua njia, akubali kuchafuka.

Ruma, hifadhi ya taifa iliyo bonde la Lambwe, iko kwenye mwelekeo wako, na wengi huniuliza kama waiunganishe na Thimlich siku moja. Hapana. Ruma inataka alfajiri yake yenyewe, hasa kwa anayetafuta korongo, yule mnyama wa jamii ya swala mwenye pembe zilizopinda nyuma, ambaye nchini Kenya amebaki huko tu. Kama muda wako ni siku moja, chagua. Na bondeni usivae nguo za buluu nzito wala nyeusi, kwa kuwa mbung'o huzipenda rangi hizo. Kaki au kijivu ni salama zaidi.

Sasa boma lenyewe. Lala Homa Bay usiku wa kuamkia siku hiyo, au Migori kama unatokea kusini. Kutoka Homa Bay ni kama kilomita 60. Shika barabara ya Rongo hadi Rod Kopany, uingie njia ya Mirogi hadi Miranga, na kutoka hapo ufuate vibao. Asiye na gari apande matatu hadi Mirogi au Ndhiwa, kisha atafute pikipiki. Hapa kuna kosa ambalo wageni hulifanya sana: wanalipa bodaboda ya kwenda tu, wakidhani watapata nyingine ya kurudi. Pale langoni hakuna steji. Patana na kijana bei ya kwenda, kungoja na kurudi, umpe nusu, na nusu ibaki mfukoni mwako hadi mfike. Nunua maji, mikate na ndizi Homa Bay au Mirogi, usitegemee duka mbele ya safari. Eneo liko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na viingilio vya serikali siku hizi hulipwa kwa simu, kwa hiyo pesa ziwe zimeingia kwenye M-Pesa kabla mtandao haujaanza kuyumba. Beba kitambulisho, maana Mkenya halipi sawa na mgeni wa mbali, na bila karatasi utabishana bure na mtu anayefanya kazi yake.

Toka saa kumi na mbili asubuhi. Si kwa sababu ya jua kali peke yake. Jua la asubuhi hupiga ukuta kwa ubavu na kila jiwe hupata kivuli chake, ndipo unaona kazi ya mikono. Saa sita ukuta wote huwa rangi moja na picha zako zote zitafanana.

Ukifika usikimbilie ndani. Tembea nje kwanza, ufuate ukuta wa Kochieng, boma kubwa kuliko yote. Utaona kuwa haunyooki. Unapinda, unaingia, unatoka, na kwa hesabu za wajenzi wasiotumia chokaa wala udongo hicho ndicho kinachoushikilia, kwa sababu ukuta mrefu ulionyooka bila chokaa huanguka wenyewe. Sogea karibu, weka jicho lako hatua moja tu na mawe. Hayakuchongwa. Yameokotwa yalivyo, yakachaguliwa kwa jicho na kukaliana kama kuni zilizopangwa na mtu asiyetaka mzigo umfungukie njiani. Uso wa nje ni safu moja, uso wa ndani ni safu nyingine, na katikati wamejaza vijiwe vidogo vinavyozibana safu zote mbili. Unene hufika mita 1 hadi 3, na urefu hupita mita 4 mahali pengine. Huko Gede matumbawe yanashikwa na chokaa. Hapa uzito ndio chokaa. Great Zimbabwe, ambayo ni kongwe zaidi, nayo ilijengwa bila kitu cha kugandisha, ila kule mawe yalipasuliwa yakawa karibu sawa kwa ukubwa. Wajenzi wa huku hawakujisumbua na usawa, na bado kuta zimesimama.

Kwa sababu hiyo hiyo usipande juu ya ukuta. Sijali mwongozaji wa kundi jingine ameruhusu nini, wala picha ingependeza kiasi gani. Jiwe lisilogandishwa likisukumwa na mguu linateleza, na likitoka moja, jirani zake hupoteza pa kujishikiza. Usichukue hata kijiwe cha kumbukumbu. Sheria inakataza, na wazee wa kijiji wanakataza kwa ukali zaidi ya sheria. Wazazi, hili mwambieni mtoto kabla hajashuka garini, si baada ya kumwona yuko juu.

Lango ndilo mahali pa kukaa muda mrefu. Ni jembamba na fupi, na juu yake limelazwa jiwe refu lililobeba uzito wa ukuta. Mtu mzima hapiti wima. Jaribu: inama, ingiza kichwa kwanza, halafu bega. Sasa jiulize ungekuwa mwizi wa ng'ombe usiku, na ndani kuna vijana wenye rungu wamelala hatua chache tu kutoka hapo. Kichwa chako kingefika kabla ya mkuki wako. Hapo ndipo jibu la mhudumu wa Kisumu kuhusu simba za langoni litakurudia, na ndiyo maana nilikwambia umwulize. Mwongozaji atakuonyesha pia palipoinuka karibu na lango, pa mlinzi kusimama akitazama mbali.

Mwenye magoti mabovu au mgongo unaouma aambiwe mapema kuhusu milango hii. Njia za ndani hazina sakafu, na kiti cha magurudumu hakipiti langoni. Mzee anaweza kukaa kivulini nje na bado akaona mengi, mradi aletewe kiti na asiachwe peke yake masaa mawili.

Ndani, omba uonyeshwe bao. Limechimbwa kwenye mwamba wenyewe, vishimo safu kwa safu, mchezo ule ule Wajaluo wanaouita ajua na ambao watu wa pwani wanajua binamu yake. Gusa kingo za vishimo kwa jicho tu. Kuna mawe ya kusagia yaliyobonyea katikati kwa miaka ya wanawake kupiga magoti na kusaga, na kuna mahali palipofanyiwa kazi ya chuma. Ukishaviona hivi, lile swali la kuwa ni ngome au ni kijiji hupungua nguvu. Watu walikuwa wakipika, wakicheza na kufua majembe, na ukuta ulikuwa hapo kwa sababu ng'ombe walikuwa wengi na maadui pia.

Uliza mwongozaji ni nani walijenga, na usiridhike na jibu la jina moja. Kuta zilikuwepo kabla ya baadhi ya familia zilizokaa humo. Watu wa lugha mbalimbali walipita hapa, na ukoo ulioingia ulirithi mawe ya ulioondoka. Muulize pia kuhusu maboma mengine. Thimlich ndilo kubwa na lililohifadhika kuliko yote, lakini wataalamu wamehesabu maeneo 138 yenye kuta za aina hii katika ukanda wa ziwa, na mengi yako katika mashamba ya watu, bila kibao wala mlinzi. Tena kaskazini, kuanzia Siaya hadi kwa Wabukusu, watu walijikinga kwa mahandaki na kuta za udongo; ile ngome ya Chetambe walikopigana na Waingereza mwaka 1895 ni ya ukoo huo. Kusini kulikuwa na mawe, wakatumia mawe.

Miti mirefu ya pale bomani yenye mikono iliyoinuka juu, ambayo Wajaluo huiita bondo, ni ya jamii moja na mnyaa. Utomvu wake mweupe unaunguza na ukiingia jichoni ni hatari kwelikweli. Usivunje tawi, na mtoto asicheze nalo. Vaa suruali ndefu na viatu vilivyofunika mguu. Nyoka hupenda mawe yaliyoota jua, na hana haja ya kukusumbua usipomkanyaga. Mbu wa mwambao huu wana malaria, kwa hiyo chandarua na dawa zisibaki kwenye orodha tu. Na ukirudi ziwani na joto lako, usiingie majini kuoga ufukoni kwenye matete: kichocho kipo.

Nimesema liwe la mwisho, lakini lisiwe siku ya mwisho. Ni vitu viwili tofauti. Anayepanga Thimlich asubuhi na ndege ya Kisumu jioni atatazama saa badala ya ukuta, na pancha moja Mirogi itamgharimu tiketi. Acha usiku mmoja katikati. Njia nzuri zaidi ni kutorudi Kisumu kabisa: kutoka bomani shuka Migori, ambako mabasi ya usiku huenda Nairobi, ulale garini ukiwa umemaliza. Ukishuka kwa upande wa Macalder utapita nchi ya wachimba dhahabu. Kaa barabarani, kwa kuwa mashimo ya zamani hayana uzio.

Kama una siku moja tu kwa jumla, ushauri wangu ni usiende. Kaa Kisumu, tembea Dunga asubuhi wavuvi wakirudi, uone makavazi, na Thimlich ulipangie safari yake. Nusu saa bomani baada ya saa nne za barabara itakufanya uwaambie wenzako kwamba hakuna kitu pale, na watakuamini.

Msomaji wa Tanzania atokaye Mwanza au Musoma ana jaribu lake mwenyewe, kwani akishavuka Sirare na kuingia Isebania, Thimlich liko karibu kuliko Kisumu. Pita. Nenda Kisumu kwanza, zunguka kwa feri au kwa Kendu Bay, na boma ulikute ukiwa unarudi nyumbani, Migori ikiwa mwendo mfupi mbele yako. Pasipoti au hati ya dharura ya safari, na kadi ya homa ya manjano, ziwe mkononi na si chini ya begi. Ukiondoka bomani saa sita mchana utafika mpakani bado kuna mwanga, na magari ya Tarime na Musoma utayakuta ng'ambo.